"Mato", "macho" na "chapaa"
Ndugu mshairi, umeuliza kama inafaa kuchanganya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na maneno ya mitaani katika shairi lako la tarbia, yaani lenye mistari minne kila ubeti. Kimvita kina haki ya zamani, kwani mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga kwa lahaja hiyo, na ukiandika "mato" badala ya "macho" unapata kina (silabi ya mwisho inayofanana) cha -to, kinachokufungulia "moto", "pato" na "mtoto". Maneno ya mitaani ningeyatia kinywani mwa mhusika, si katika sauti ya msimulizi anayesema Kimvita. Tena, ukitia "chapaa" ya mitaani badala ya "pesa", uhesabu upya: "pesa" ina mizani (silabi) mbili, "chapaa" tatu, kwa hiyo kipande chako cha mstari chenye mizani nane kitazidi, ingawa neno lenyewe, nakiri, linachekesha.