Maswali yenu: Mchoro wangu wa Gedi umegeuka tisheti

SWALI: Habari za hapo. Mimi ni kijana wa Malindi, nachora kwa tableti na sina bosi, mwaka wa tatu huu. Mwaka jana kampuni moja ya kutembeza watalii iliniomba nichore mji wa kale wa Gedi, yale magofu hapa jirani, ulivyokuwa enzi zake, wanataka kuweka ubao wa maelezo kwenye ofisi yao. Tulielewana kwa simu tu, wakanilipa vizuri, hapo sina neno. Juzi napita naona mchoro wangu kwenye tisheti na mabegi, jina langu halipo, kuuliza naambiwa we si tulishakulipa. Halafu kuna mzee mmoja wa hapa mtaani akaniambia nimechora mji wa matajiri watupu. Nina haki yoyote? Na mzee je?
Mchoraji, Malindi

JIBU: Pole mdogo wangu. Nianze na mzee maana yeye yuko sawa kabisa. Pale Gedi kilichosimama ni mawe ya matumbawe na chokaa, msikiti mkubwa, jumba la mfalme, lile kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria yaani 1399, sasa sisi wachoraji tukifika tunachora tunachokiona. Lakini watu wengi walikaa nyumba za udongo na makuti, zimeshaoza zamani, na nyingi zilikuwa kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje. Ukiziacha umefuta watu wengi wa mji, na mtalii ataondoka akidhani kila mtu alikuwa na choo cha mawe.

Jambo lingine ambalo wengi wanakosea ni upana wa vyumba. Dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti haina urefu wa kutosha, kwa hiyo chumba ni kirefu lakini chembamba, mita 2 na nusu hivi, ukichora ukumbi mpana kama wa harusi basi umeshaharibu. Na vitu vya kuwapa watu wa mchoroni mikononi usibuni. Mwanaakiolojia Kirkman alipoanza kuchimba 1948 nyumba zilipewa majina ya vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Sanduku la Pembe, yaani umeshapewa mahitaji yako yote. Pale ambapo hakuna anayejua, mfano paa lilimalizikaje, acha mstari mwepesi bila rangi au weka mti mbele (mie nimeficha mapaa mengi sana nyuma ya mibuyu, sioni aibu).

Haya, tisheti. Hapa utaumia kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ukiagizwa na mtu basi hakimiliki inahesabika imeenda kwa aliyeagiza, isipokuwa kama nyinyi wawili mlikubaliana vingine. Na nyinyi mlikubaliana kwa simu, nani atathibitisha? Ila kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyechora, na kukataa kazi yako isikatwekatwe ikakuvunjia heshima, hiyo haikuondoka na malipo. Kwa hiyo waandikie barua ya adabu, omba jina lako liingie kwenye tisheti toleo linalofuata, na hapo hapo wape bei ya mchoro mpya, safari hii wenye nyumba za makuti. Usiende kupiga kelele dukani, Malindi ni ndogo na hao ndio wateja.

Kazi ijayo kabla hujagusa kalamu tuma meseji, hata WhatsApp, wajibu "sawa" kwa maandishi: mchoro ni wa ubao mmoja, mahali fulani, hakimiliki inabaki kwako, bidhaa za kuuza zina malipo yake, nusu ya pesa mwanzo, masahihisho mara 2, na nani kwao atakagua historia. Hilo la mwisho watu hulisahau halafu unajikuta unabadilisha kilemba mara 9 kwa sababu kila meneja ana maoni.

SWALI: Nimepata kazi ya ubao wa Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la kale kule Kilwa Kisiwani, utakaa nje juani. Faili liwe kubwa kiasi gani, na rangi zisipauke nifanyeje?
Dada wa Kilwa Masoko

JIBU: Hongera dada. Msomaji atasimama karibu, kwa hiyo dpi 150 (nukta 150 kwa kila inchi) kwa ukubwa halisi inatosha, ubao wa mita 1 ni kama pikseli 5,900. Jua hula nyekundu na njano kwanza, bluu inabaki, ndiyo maana mabango ya zamani yote yamekuwa kama ya baharini. Usitegemee nyekundu kubeba jambo muhimu, na mwambie mchapaji aweke leminesheni, ile plastiki nyembamba ya juu, ya kuzuia jua, iandikwe kwenye bei kabisa. Na lile bwawa la humo Husuni Kubwa lina pembe 8, hesabu kabla hujatuma.