Muulize Rubani: Aliyekufa mafunzoni, amekufa vitani?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Kwenye makaburi ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia nimeona jiwe la rubani wa miaka 19. Nikaambiwa alianguka akiwa bado mwanafunzi, mahali ambapo hapakuwa na mapigano. Je, naye huhesabiwa amekufa vitani? Na iweje wafe wengi hivyo bila adui?

JIBU: Marahaba. La kwanza ni jepesi: anahesabiwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haijali askari alikufaje, mradi alikufa akiwa jeshini kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyetunguliwa na aliyeanguka mafunzoni wote wana haki ileile ya jiwe.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Watu husema ni utundu wa ujana, kupita chinichini juu ya paa la mchumba. Wapo, sikatai. Lakini mimi nalaumu haraka, hali ya hewa na ndege chakavu. Kati ya watu 55,573 waliokufa katika kikosi cha mabomu cha Uingereza, zaidi ya 5,000 walikufa mafunzoni. Wanafunzi walirithi ndege za mabomu kama Wellington zilizokwisha choka vitani, wakatumwa usiku, na mbele yao milima ya Wales imejificha mawinguni.

Kuna kosa moja ninalolijua kwa mikono yangu. Injini inazima mara tu baada ya kupaa. Moyo unasema geuka, kiwanja kiko hapo nyuma. Kijana anakata kona, anaiona ardhi inamjia, anavuta usukani ili pua isishuke. Kasi inaisha, bawa la ndani linaacha kubeba, ndege inazunguka kama pia. Ukiwa futi elfu nne unajinasua. Ukiwa futi mia tatu, ndiyo basi. Nilipokuwa mkufunzi nilikuwa napunguza injini makusudi hapohapo, na kijana aliyeniimbia kanuni darasani, "nenda mbele, tua popote," mkono wake ulikuwa tayari unageuza.

Wengine hata hivyo hawakufanya utundu wowote. Tarehe 11 Desemba 1941, huko Lincolnshire, Uingereza, John Gillespie Magee, miaka 19, aliyekuwa katika jeshi la anga la Kanada, alishuka na ndege ya kivita ya Spitfire kupitia mwanya wa mawingu, akagongana na ndege ya mafunzo aina ya Oxford. Mkulima mmoja alimwona akihangaika kusukuma kifuniko cha chumba cha rubani, akasimama, akaruka. Parachuti haikuwahi kufunguka. Miezi michache nyuma alikuwa amewaandikia wazazi wake shairi kuhusu raha ya kuruka, na marubani hadi leo tunalikariri.

Mwanafunzi wa ile Oxford, naye wa miaka 19, hakupona. Kisa chake ndicho kinachofanana zaidi na cha huyo wako.