Barua kwa mwanangu: tajiri na madaftari yake

Mwanangu,

Nimeipata barua yako, na hasira zake nimezisoma. Unauliza tajiri wetu yule, wa kwanza kuchangia harusi na misiba, aliwezaje kuishi maisha mawili miaka yote hiyo: mchana tajiri wa biashara, usiku mkuu wa genge.

Mimi sioni maisha mawili hapo. Biashara na genge vilikuwa kitu kimoja. Pesa ya haramu ina tabu yake: ni nyingi, ni taslimu, na mwenyewe hawezi kueleza ilikotoka. Akinunua nyumba ataulizwa. Kwa hiyo anafungua biashara ya halali, tena ile ambayo wateja hulipa mkononi na risiti hawazidai: mgahawa, baa, sehemu ya kuoshea magari. Pesa za genge anazichanganya na mauzo, zote zinaingia benki kama mauzo, na kodi analipa bila kunung'unika. Huko ndiko kutakatisha fedha. Sisi wahasibu tunamshtukia kwa vitu vidogo tu. Mauzo ya kuosha magari yamepanda mara tatu, bili ya maji iko palepale. Wiki ya mvua kubwa na wiki ya sikukuu, mapato sawasawa.

Na ile michango? Mtu aliyekusaidia kumzika mzazi wako, utaanzaje kumuuliza pesa katoa wapi? Ulinzi huo ni rahisi kuliko kuhonga askari. Al Capone naye, mkuu wa genge kule Chicago, Marekani, alifungua jiko la kulisha bure wasio na kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na kadi yake ilimtaja kuwa muuza samani zilizotumika.

Capone hakufungwa kwa damu iliyomwagika. Mwaka 1927 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba kipato cha haramu nacho kinatozwa kodi. Madaftari ya nyumba yake ya kamari yalikuwa yameshakamatwa mwaka 1926, yakasahaulika, mpaka mpelelezi Frank Wilson alipoyakuta kabatini. Wakafuatilia mwandiko, wakampata mweka hesabu, Leslie Shumway, akasimama kutoa ushahidi. Oktoba 1931 Capone alipewa miaka 11 kwa kukwepa kodi. Sasa unaelewa kwa nini huyu wetu alikuwa mwepesi wa kulipa.

Kuhusu rafiki yako aliyekuwa akimwekea hesabu: asidhani kusema "sikujua" kutatosha. Wataangalia alisaini nini, na kama kulikuwa na mambo yaliyopaswa kumtia shaka. Asifute chochote kwenye kompyuta wala asichane karatasi, maana hilo ni kosa jingine kabisa. Amtafute wakili wiki hii, kabla hajaitwa, na amweleze yote, hata yale ya aibu. Wewe usimtungie maelezo, na mambo haya msiyaandikiane kwenye simu.

Mama yako