Kitabu cha ngozi kinamwaga unga mwekundu

SWALI: Nina The Innocents Abroad, kitabu cha safari cha Mark Twain kilichochapwa Hartford, Marekani, mwaka 1869. Jalada ni la ngozi ya kondoo, na nikikishika vidole vinabaki na unga kama wa tofali. Fundi viatu anasema nikipake mafuta. Pia nitajuaje kama ni cha chapa ya mwanzo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Mafuta usipake, wala kiwi. Unga huo ni ngozi yenyewe inayooza: ngozi za karne ile zilizotengenezwa kwa magome ya miti hunyonya salfa ya moshi hewani, salfa inageuka asidi, nyuzi zinakatika. Ya kondoo huwahi kuharibika kwa kuwa nyuzi zake zimeachana. Mafuta hayaondoi asidi. Yananasa vumbi na kupenya hadi kwenye karatasi.

Tafuta Klucel G, unga wa selulosi unaotumiwa na wahifadhi vitabu. Koroga gramu 2 ndani ya mililita 100 za spiriti safi (ethanoli) isiyo na maji, uache usiku kucha ulainike. Maji ni hatari hapa: ngozi iliyooza ikilowa inageuka nyeusi na ngumu kama gome, na hairudi. Kinga kurasa kwa plastiki, jaribu kwanza pembeni, kisha paka kwa brashi laini, tabaka jembamba, madirisha wazi, mbali na jiko. Kikikauka, rudia mara moja. Hutakuwa umeiponya ngozi. Umeushika unga tu.

Kiweke kwenye boksi la kadibodi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kuvu inaota, na kwa Mombasa hilo ni la kila siku, kwa hiyo nunua kipimo cha unyevu na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Ukikitoa rafuni, usivute kichwa cha mgongo, yaani ncha ya juu ya upande kurasa zilipounganishwa. Ndipo panapochanika kwanza.

Kuhusu chapa, mwaka pekee hautoshi. Fungua ukurasa 129: nakala za mwanzo hazina picha hapo, za baadaye zina picha ya Napoleon III, mtawala wa Ufaransa. Katika hizo za mwanzo, ukurasa 643, namba ya sura imeandikwa XLI (41) badala ya LXI (61). Na mwisho wa orodha ya yaliyomo, namba za kurasa hazipo.

Na fundi asikubadilishie jalada. Kitabu hiki kiliuzwa na mawakala mlango kwa mlango, mnunuzi akichagua kitambaa au ngozi, kwa hiyo hata jalada lako bovu ni la asili, na mkusanyaji hulitaka hilo kuliko jipya linalong'aa.