Ukitaka mfumo wa data wa dharura za maji, anza na vioski

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia akiuliza ajifunze programu gani ili aunde modeli ya data ya dharura za maji. Jibu ni Protégé, programu ya kupanga vitu na mahusiano yao, ni ya bure. Lakini programu ndiyo sehemu rahisi.

Mimi nilianzia Nyalenda, hapa Kisumu. Stima ikipotea kwenye pampu, swali ni nani atakaukiwa kwanza, na majedwali niliyopewa hayakuweza kujibu. Kwenye jedwali la mita kioski cha maji kilikuwa namba. Kwenye la malalamiko kilikuwa jina la mama muuzaji. Watu wa afya waliandika "karibu na kanisa", na makanisa ya Nyalenda nani atayamaliza? Kioski kilekile kimoja, kompyuta ikaona vioski vitatu. Nilizunguka na vijana wa mikokoteni mpaka kila kioski kikapata kitambulisho kimoja, kazi ya kuchosha ambayo siwasimulii.

Baada ya hapo nikaandika mahusiano kwa RDF, mtindo wa kuandika data kwa sentensi fupi za nani anahusiana na nani: tangi hili linalisha bomba lile, bomba lile linalisha kioski hiki, zahanati ile inachota hapa. Vipimo nikavipanga kwa SOSA, msamiati wa kueleza vipimo na vifaa vyake, uliopitishwa mwaka 2017 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ili kila kipimo cha klorini kijulikane kilichukuliwa wapi, saa ngapi na kwa kifaa gani.

Mkubwa mmoja, ofisi siitaji, aliuita mfumo huu mchezo wa wasomi mbele ya watu. Bado inaniuma. Juzi mvua ilipoleta tope, ofisi hiyohiyo ilinipigia simu. Swali moja la SPARQL, lugha ya kuiuliza data ya RDF, na vioski vyote vinavyolishwa na tangi lililochafuka vikajitokeza chai yangu ikiwa bado moto. Mkubwa akatuma ujumbe: "Asante sana." Basi.

Sasa wewe wa Nakuru, kwenu kuna floridi, madini ya ardhini yanayoharibu meno yakizidi majini. Visima vingi vya Bonde la Ufa hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo tenganisha maji yasiyokuwepo na maji yasiyonyweka: kwa la kwanza unatuma boza, kwa la pili unafunga kioski. Vijana mnapenda dashibodi za rangi, na muuza maji hamjamsalimia hata siku moja! Nendeni kwake. Vitambulisho kwanza, narudia. Kisha wekeni kanuni za SHACL, lugha ya kukagua data ya RDF, zikatae kipimo chochote kisicho na saa wala mahali, hata kikiletwa na mkubwa.