Mdoli wa kutundika Krismasi, shingo kulegea

Dada uliyeuliza mbona mdoli wako wa kitambaa shingo inalegea na mishono inafumuka ukimgeuza ndani nje, hapo ni mkato tu. Mie nawashona huku Malindi wa sentimita 12 hivi, wa kutundika kwenye mvinje, ndo mti wetu wa Krismasi, shingo naiacha pana karibu nusu ya kichwa, halafu nashona kwanza ndo nakata, nabakisha nusu sentimita nje ya mshono na kwenye kona za shingo na kwapa natia makasi bila kugusa uzi. Tundu la kugeuzia acha ubavuni. Sufi anza kichwani, shindilia shingo na kijiti mpaka iwe ngumu ndo ushuke tumboni. Leso kuukuu ni laini yageuka vizuri, ila ya mamako uliza kwanza 😂 Kitanzi kishonee ndani ya mshono wa utosi, gundi kwa joto hili inaachia.