Tuisheni ya Hesabu Kidato cha Nne: anza na alama anayoitaka, si ukurasa wa kwanza

Mzazi anamwita mwalimu nyumbani, anampa kitabu na kumwambia, "Mwalimu, mpitishe mada zote." Kwa kauli hiyo tuisheni imeshageuka shule ya pili, ila hii ina mwanafunzi mmoja na inalipiwa kwa saa. Mwenye alama 18 na mwenye 58 hawawezi kufuata mpango mmoja, hata kama wanakaa dawati moja.

Anzeni na hesabu ya alama zenyewe. Mtihani wa taifa wa Basic Mathematics, Tanzania, una maswali 14 ya saa tatu: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali manne ya alama 10. D inaanzia 30, C 45, B 65, A 75. Anayetafuta D anaweza kuipata kwa maswali matano tu ya sehemu A yaliyojibiwa sawasawa, kwa hiyo miezi yake iishie kwenye seti na uwezekano, uwiano na hesabu za biashara, rates and variations, mfuatano na mfululizo, kisha takwimu, ambazo ziko sehemu B. Linear programming, yaani kutafuta thamani kubwa au ndogo kabisa chini ya masharti, isubiri. Anayetaka A yuko kwenye mtihani mwingine kabisa: hata akikomba sehemu A yote anakuwa na 60, na hiyo bado ni C. Muda wake mwingi uende sehemu B.

Kipindi cha kwanza msifundishe. Mpe maswali 20, matano ya kila kidato kuanzia cha kwanza, dakika 90, bila kikokotoo na bila msaada. Ukisahihisha, usiishie kwenye vema na kosa. Kila kosa liandikie herufi: S kwa asiyejua njia, L kwa aliyeshindwa kuelewa swali, H kwa aliyejua njia akakosea hesabu. Herufi hizo ndizo zitakazopanga ratiba. Mwenye S nyingi za kidato cha kwanza na cha pili, yaani sehemu, desimali, kufungua mabano na milinganyo, arudishwe huko kwa wiki tatu au nne. Wazazi hawapendi kusikia hili, lakini mtoto asiyejua kugawanya sehemu hatatoboa kwenye logariti.

L zinapuuzwa sana. Mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba anakutana na "hence", "evaluate" na "express in the form" kwenye karatasi, na anaacha swali analolijua. Dawa yake ni ndogo: maneno kama 30 ya mitihani iliyopita kwenye karatasi moja, kila neno na kitendo linachodai. "Hence", kwa mfano, maana yake tumia jibu ulilopata kipengele kilichotangulia. Akianza upya kwa njia nyingine anapoteza muda, na huenda alama pia.

H nazo watu huziita uzembe. Ni nadra kuwa uzembe. Zikusanye wiki mbili utakuta zinajirudia mahali palepale: alama ya kutoa mbele ya mabano, au kudhani logariti ya jumla ni jumla ya logariti. Mahali pakishajulikana, maswali sita mafupi kila siku yanatosha.

Sasa hili la "mtoto wangu anajifunza kwa macho". Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, na hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuipangia masomo. Somo lenyewe ndilo linalodai picha au maneno. Chukua swali la Earth as a Sphere (Dunia kama tufe): miji miwili iko latitudo 60° kaskazini, mmoja longitudo 20° mashariki, mwingine 40° magharibi; tafuta umbali kati yao kwa kufuata latitudo hiyo. Asiyechora duara hutoa 20 kutoka 40. Aliyechora anaona zinajumlishwa, 60°. Kisha 60/360 × 2 × 3.14 × 6370 × cos 60° inampa takribani kilomita 3334 (6370 ni nusu kipenyo cha Dunia kwa kilomita). Akisahau cos, jibu linatoka mara mbili yake, na hilo ni kosa la kawaida kwenye mada hii. Kinachotofautiana kweli kati ya watoto ni kasi, woga, na wanachokijua tayari.

Kipindi cha dakika 90 kigawanyeni hivi: 10 za kurudia makosa ya kipindi kilichopita bila kutazama daftari, 25 za jambo jipya, 40 mtoto anafanya peke yake, 15 za kusahihisha. Kinachoharibika karibu kila mara ni zile 40. Mwalimu anaona mtoto kakwama, huruma inamshika, anachukua kalamu. Mtoto anaitikia "nimeelewa", na ni kweli ameelewa alichotazama. Kalamu ibaki kwake. Akikwama dakika tatu, muulize swali linasema nini, usimwonyeshe hatua. Swali alilokosa lirudi kesho yake, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu, namba zikiwa zimebadilishwa.

Miezi miwili ya mwisho, fanyeni karatasi nzima kwa saa: dakika 10 kwa swali la sehemu A, 16 kwa la sehemu B. Zinabaki 16 za kupitia.

Mzazi hana haja ya kujua hesabu ili afuatilie. Aombe daftari la makosa kila wiki mbili. Baada ya wiki sita mtoto arudie jaribio kama lile la kwanza, namba zikibadilishwa. S zikipungua huku H zimebaki palepale, mazoezi ni machache. S zenyewe zisipopungua, mwalimu anafundisha mada za shuleni za wiki hiyo badala ya mapengo mliyoyaona, na mwambieni hivyo kabla hamjaongeza vipindi.